Barua za Wasomaji: Kura ya Mtaa, Mhuri na Asilimia Kumi

Barua zilizonifikia safari hii karibu zote zimetoka Dar es Salaam, na karibu zote zinazunguka ofisi moja, ya serikali ya mtaa. Kwa mgeni wa safu hii: nilikuwa mtendaji wa mtaa jijini humu hadi nilipostaafu. Nimefanya kazi na wenyeviti wa kila aina, wema kwa wakorofi, na ninajibu kwa yale niliyoyaona na yaliyomo kwenye kanuni. Barua nimezifupisha, matusi nimeyatoa. Majina ya mitaa nimeyafuta kwa makusudi, maana wenyeviti nao wanasoma.

Mama Mtendaji, shikamoo. Mimi ni mpangaji wa chumba na sebule. Tarehe 27 Novemba 2024 nilidamka kwenda kumchagua mwenyekiti, kadi yangu ya mpiga kura mkononi. Nikaambiwa jina halimo. Nilipobisha, kijana mmoja pale akaniambia labda ameandikwa mwenye nyumba wangu. Ina maana sisi wapangaji hatuhesabiki? – Mpangaji Mwenye Hasira

Marahaba, mwanangu. Unahesabika sawasawa na mwenye nyumba wako, na huyo kijana alikuwa anajisemea tu. Kanuni inamtaka mpiga kura awe raia wa Tanzania, awe ametimiza miaka 18, awe na akili timamu, awe mkazi wa mtaa huo na awe amejiandikisha. Hakuna mahali palipoandikwa hati ya nyumba. Ingekuwa hivyo, Dar es Salaam hii ya watu zaidi ya milioni tano, kwa sensa ya 2022, ingechaguliwa na wenye nyumba na wajukuu zao.

Kilichokuponza ni daftari. Kadi uliyonayo ni ya Daftari la Kudumu la Wapiga Kura, ambalo ni la Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi, na linatumika kumchagua rais, mbunge na diwani. Uchaguzi wa mtaa wa 2024 ulisimamiwa na Ofisi ya Rais TAMISEMI, wizara ya serikali za mitaa, na una orodha yake, inayoandikwa upya kila uchaguzi unapofika. Mwaka huo iliandikwa kuanzia tarehe 11 hadi 20 Oktoba. Siku kumi tu, basi. Aliyekuwa safarini, aliyekuwa anauguza, na aliyesema "mimi nina kadi tayari", wote walijikuta nje.

Nieleze uandikishaji wenyewe ulivyo, maana wengi wanaupita wakidhani ni mchango wa harusi. Hakuna kamera, hakuna mashine ya alama za vidole. Kuna meza, viti viwili vya plastiki, mwandikishaji na daftari lenye mistari. Unataja majina yako, umri na jinsi yako, unatia sahihi, unaambiwa asante. Unaondoka mikono mitupu. Hapo ndipo watu wanapokwama. Mtanzania amezoea kwamba kitu cha serikali kinatoka na karatasi, sasa asipopewa kitu anahisi hakuna kilichofanyika, na akirudi nyumbani anamwambia jirani asijisumbue.

Baada ya hapo orodha inabandikwa ukutani ili watu waikague. Naapa hakuna karatasi isiyosomwa hapa mjini kama hiyo, hata tangazo la chumba cha kupanga linasomwa zaidi. Na ndimo makosa yalimo. Mwanahamisi ameandikwa Mwanaamisi. Mama ambaye mtaa mzima unamwita Mama Salma ameandikwa majina yake matatu ya cheti, na jirani anayemtafutia jina lake halioni. Mwingine jina la babu limekaa mahali pa jina la baba. Mambo haya yanarekebishika wakati wa ukaguzi. Siku ya kura msimamizi wa kituo ana foleni mbele yake na hana muda wa kukusikiliza ukoo wako.

Kadi yako ya Tume ingekufaa siku ile kama kitambulisho tu, kama ambavyo ingekufaa ya NIDA, leseni ya udereva au pasi ya kusafiria. Na nawaambia kabisa waliojiandikisha au kuhuisha taarifa zao kwa Tume hapa Dar Machi 2025: hiyo haikuwaingiza kwenye orodha ya mtaa. Uchaguzi wa mitaa huja kila baada ya miaka mitano. Tumetoka 2014, 2019 na 2024, kwa hiyo masikio yawe wazi 2029, kuanzia Septemba hivi. Ukihama chumba katikati, yaani umejiandikisha Mbagala halafu mwenye nyumba akakutoa ukahamia Kimara kabla ya kura, jina lako limebaki Mbagala.

Nimetoka kijijini, wilaya ya Sengerema, nafanya kazi ya ulinzi hapa mjini. Nikitaka barua ya utambulisho naambiwa nianze kwa mjumbe, niende kwa mwenyekiti, nimalizie kwa mtendaji. Kila mmoja anajiita serikali. Nani ni nani? Na mbona mkuu wa wilaya sijawahi kumpigia kura? – Mlinzi, Kinondoni

Karibu mjini, kaka. Tuanze na huyo wa kwanza, kwa sababu ndiye anayewachanganya wengi.

Mjumbe wa nyumba kumi, wengine wanamwita balozi, ni kiongozi wa chama. Mfumo huo ulianza na TANU miaka ya 1960, ukarithiwa na CCM ilipozaliwa mwaka 1977, na wakati wa chama kimoja ilikuwa vigumu kusema chama kinaishia wapi na serikali inaanzia wapi. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, balozi akabaki na chama chake. Hana nafasi katika serikali ya mtaa, na karatasi yake si sharti la kisheria la wewe kuhudumiwa. Mbona basi mwenyekiti anakutuma kwake? Kwa sababu mtaa mmoja wa jiji hili una maelfu ya watu, wapangaji wanaingia na kutoka kila mwezi, na mwenyekiti hakujui. Anatafuta mtu wa kumwambia "huyu namjua, anakaa kwa fulani". Mtu huyo anaweza kuwa mwenye nyumba wako, jirani wa siku nyingi, au mjumbe wa kamati ya mtaa. Huyo wa mwisho ni mjumbe wa kweli wa serikali, umempigia kura, mtumie.

Mwenyekiti ndiye aliyechaguliwa, pamoja na wajumbe wa kamati yake. Hana mshahara. Anapata posho, pale halmashauri inapokumbuka. Hili nitalirudia chini kidogo, kwenye barua ya mwenye kiwanja. Mtendaji, kazi niliyoifanya mimi, ni mwajiriwa wa halmashauri. Ana mshahara, anahamishwa, na ndiye katibu wa kamati ya mtaa, kwa hiyo majalada na mihtasari viko kwake. Mwenyekiti akishindwa uchaguzi, mtendaji yupo palepale Jumatatu asubuhi anafungua mlango.

Juu yao yupo diwani wa kata, ambaye unamchagua siku moja na rais na mbunge. Madiwani wakikutana wanamchagua meya. Hapa Dar mambo yalibadilika Februari 2021, Rais Magufuli alipoivunja Halmashauri ya Jiji iliyokuwa juu ya manispaa zote, na Ilala ikapandishwa kuwa Jiji la Dar es Salaam. Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni zimebaki manispaa. Kwa hiyo wewe wa Kinondoni ukiwa na shida ya mtaro usipande daladala kwenda Jiji, utarudishwa.

Mkuu wa wilaya hujampigia kura kwa sababu hapigiwi. Anateuliwa na Rais, sawa na mkuu wa mkoa, na hata mkurugenzi wa halmashauri. Serikali za mitaa zimetajwa kwenye Katiba, ibara ya 145 na 146, kwamba zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi. Sasa kaa uhesabu mwenyewe, kati ya wakubwa wa wilaya yako, nani alipita mlangoni kwako kuomba kura. Mimi ningependa meya achaguliwe na wananchi moja kwa moja. Nilikuwa nalisema hilo hata nikiwa kazini, kwa sauti ya chini.

Mimi ni mzaliwa wa Unguja, nimeolewa Temeke. Kwetu sheha huteuliwa. Huyu mwenyekiti wa mtaa ndiye sheha wa huku? – Bi Harusi

Kazi zao zinafanana: barua, ugomvi wa majirani, kujua nani amehamia na nani amefiwa. Njia ya kuingilia ndiyo tofauti. Sheha anateuliwa, mwenyekiti wa mtaa anapigiwa kura, na wewe mwenye ukazi wa Temeke unayo haki ya kupiga. Hongera kwa ndoa.

Nilitaka kugombea uenyekiti. Wazee wa chama changu wakaniambia wanawake wana kundi lao kwenye kamati, nikachukue fomu ya huko niwaachie wanaume uenyekiti. Ni sheria au ni mazoea? – Muuza Mboga

Ni mazoea, tena mabaya.

Kundi la wanawake lipo ili kamati isikose wanawake. Halikuwekwa ili kuwazuia wasiende kwingine. Fomu ya uenyekiti iko wazi kwako, fomu ya wajumbe wa kundi mchanganyiko nayo iko wazi kwako. Mwanamke anaweza kugombea popote pale, mwanamume ndiye hawezi kugombea kundi la wanawake. Wazee wako wameisoma kanuni kinyumenyume.

Kwa hiyo pigana ndani ya chama, kwenye kura za maoni, kwa sababu hapo ndipo wanawake wengi wanapokatwa kabla hata karatasi ya kura haijachapwa. Wewe muuza mboga una kitu ambacho wale wazee hawana: kila nyumba inakujua, na unajua nyumba ipi leo imenunua mchicha wa mia tano badala ya elfu. Mwenyekiti anayejua hali za watu wake namna hiyo sijamwona mara nyingi.

Nina miaka 24, nina diploma, sina chama na sitaki chama. Naweza kugombea uenyekiti wa mtaa kama mgombea binafsi? – Kijana Huru

Umri unao, maana kinachotakiwa ni miaka 21. Kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza unajua. Shughuli halali ya kukuingizia kipato nadhani unayo. Lakini mgombea lazima awe mwanachama wa chama cha siasa na adhaminiwe na chama hicho, kwa hiyo hapana. Diploma haikusaidii hapo.

Wengi wanaona kichekesho kwamba mtu wa kusimamia taka na mitaro lazima awe na kadi ya chama. Hata mimi. Lakini usichukue fomu ukidhani utawabishia mbele ya safari, utapoteza muda wako.

Mtaani kwetu karatasi ya kura ilikuwa na jina moja. Wengine tuliambiwa walienguliwa. Sasa tulikwenda kuchagua nini? – Mwalimu Mstaafu

Mwalimu, swali lako ni zito na nitalijibu bila kuzungukazunguka.

Mwaka 2019, CHADEMA na vyama kadhaa vya upinzani vilijitoa baada ya wagombea wao wengi kuenguliwa, na maeneo mengi sana wagombea wa CCM walipita bila kupingwa. Mwaka 2024 utaratibu ukawa kwamba mgombea aliyebaki peke yake apigiwe kura ya ndiyo au hapana. Kwa hiyo ulikwenda kusema ndiyo au hapana, na hapana ni kura halali. Matokeo unayajua: CCM ilitangazwa mshindi katika zaidi ya asilimia 98 ya mitaa, na kuna mitaa zaidi ya 4,200 nchi nzima. CHADEMA na ACT-Wazalendo walilalamikia kuenguliwa kwa wagombea wao na mwenendo wa siku ya kura. Mimi nimekaa upande wa ofisi miaka mingi, na nasema chama chochote kikishinda karibu kila mtaa wa nchi yenye watu wabishi kama sisi, mwenye akili atauliza maswali. Kuuliza si dhambi.

Kwa watakaogombea baadaye, nitazungumzia fomu, kwa sababu fomu ndiyo kaburi. Malalamiko ya 2019 yalijaa vitu vidogo: mtu kaandika kifupi cha chama badala ya jina zima, kaandika shughuli yake kwa neno ambalo msimamizi hakulipenda, kasahau sahihi upande wa nyuma. Usijaze fomu ukiwa juu ya bodaboda. Jaza nakala ya majaribio kwanza, mpe mtu mwingine aisome, ndipo ujaze yenyewe. Ukirudisha, piga fotokopi na uombe igongwe mhuri wa kupokelewa, na uandike saa. Ukiwekewa pingamizi, siku za kujibu ni chache mno, na rufani inakwenda kwenye Kamati ya Rufani ya wilaya. Matokeo yakishatangazwa, mahali pa kwenda ni Mahakama ya Wilaya, ndani ya siku 30. Nimeona watu wenye haki kabisa wakifika siku ya arobaini na mafaili yamepangwa vizuri.

Nimenunua kiwanja nje kidogo ya mji kwa shilingi milioni 14. Mwenyekiti anataka asilimia kumi ndipo agonge mhuri kwenye mkataba, yaani shilingi 1,400,000. Anasema ni utaratibu wa mtaa. Muuzaji anasema nilipe mimi, mimi nasema alipe yeye. Nani yuko sahihi? – Mnunuzi Aliyekwama

Hamna aliye sahihi kati yenu, kwa sababu hela hiyo haidaiwi na sheria yoyote. Nimeitafuta hiyo asilimia kumi tangu siku za ajira yangu na sijaiona mahali ilipoandikwa. Inaishi midomoni mwa watu. Pembezoni mwa jiji imeota mizizi kiasi kwamba wauzaji wanaipigia hesabu kabla hawajataja bei.

Ipo asilimia kumi nyingine ya halali, na baadhi ya wenyeviti wanaitumia kujifichia. Hiyo ni kodi ya TRA, mamlaka ya mapato, kwenye faida aliyopata muuzaji. Faida, si bei yote. Inamhusu muuzaji, na inalipwa kwa kontroli namba, yaani namba ya malipo ya serikali. Mwenyekiti haikusanyi kodi hiyo. Sasa muulize kwa upole: "Mzee, nipatie kontroli namba nikalipie benki." Akianza kukuna kichwa umepata jibu lako. Kipimo hichohicho tumia kwa elfu mbili au elfu tano ya barua ya utambulisho. Malipo ya serikali yana namba na stakabadhi. Kisicho na stakabadhi kimeingia mfukoni mwa mtu.

Hata hivyo usiiruke ofisi ya mtaa ukakimbilia kwa wakili peke yake, kwa hasira. Nikueleze niliyoyaona, maana kiwanja ni akiba ya maisha.

Mauziano ya kawaida yalikuwa hivi. Mnunuzi anakuja na bahasha ya kaki, muuzaji anakuja na shati la Ijumaa, dalali anakaa katikati anacheka na wote. Wanataka mhuri haraka haraka. Mwenyekiti mmoja niliyefanya naye kazi, mtu wa maneno machache, alikuwa hagongi chochote mpaka twende sote uwanjani. Tukifika anaita majirani wa pande zote nne, kila mmoja anasimama kwenye mpaka wake. Siku moja mzee wa upande wa chini, kasimama palipo na mnazi, akamtazama muuzaji akamwuliza: "Na kaka yako aliyeko Mafia, anajua?" Muuzaji akaanza kuangalia chini. Kumbe kiwanja ni cha marehemu baba yao, mirathi haijafunguliwa, na warithi ni watano. Mnunuzi akaifunga bahasha yake. Dalali sikumwona tena siku ile.

Hiyo ndiyo kazi ya ofisi ya mtaa kwenye mauziano: kujua historia ya ardhi na ya watu. Wakili ataandika mkataba mzuri na ataugonga, lakini mzee wa kwenye mnazi hamjui. Kwa hiyo fanya yote. Kwa majirani na mtaa ili kujua kama kuna ugomvi au mirathi, ofisi ya ardhi ili kujua kama kimepimwa au kimo kwenye eneo la barabara, na kama kina hati, fanya upekuzi kwa Msajili wa Hati. Mkataba andikia kwa wakili. Mwenyekiti awe shahidi, kama majirani walivyo mashahidi.

Na akikataa kuwa shahidi bila 1,400,000? Andikeni barua kwa mtendaji wa kata, mtaje kiasi alichoomba. Mkitaka kwenda mbali zaidi, TAKUKURU, wale wa kuzuia rushwa, wana ofisi wilayani na hawatozi kitu kupokea taarifa. Wengi hawataki kwa sababu wanaogopa kuishi karibu na mtu waliyemshitaki. Hofu hiyo naielewa. Ndiyo maana nashauri jambo hili liulizwe mapema, wakati wa kampeni. Kampeni za 2024 zilikuwa za siku saba, tarehe 20 hadi 26 Novemba, na katika siku hizo mgombea anakaa kwenye benchi lako, anakunywa maji yako. Mwulize mbele za watu atatoza shilingi ngapi kwenye mauziano ya ardhi. Kigugumizi chake kitakuambia mengi.

Niliahidi kurudi kwenye posho. Mtu anachaguliwa, anaamshwa usiku wa manane kwa mwizi aliyekamatwa, anakwenda kila msiba wa mtaa na rambirambi mkononi, analipia umeme wa ofisi mwenyewe, na mwisho wa mwezi hana mshahara. Halafu tunashangaa mhuri una bei. Sisemi hivyo kuwatetea wala rushwa. Nasema halmashauri zinazokusanya mabilioni kwenye jiji hili zinajua kabisa mwenyekiti anaishi vipi, na zimechagua kutojua. Posho ya maana, inayolipwa kwa tarehe, ingepunguza hii asilimia kumi kuliko makaripio ya mawaziri.

Mwenyekiti wetu tangu achaguliwe hajaitisha mkutano wa wakazi. Hela ya ulinzi shirikishi tunatoa kila mwezi, hatujui inakwenda wapi. Tufanyeje bila kuonekana wachochezi? – Wakazi Watatu

Kudai mkutano hakumfanyi mtu mchochezi. Mapato na matumizi yanatakiwa kusomwa kwa wakazi kila robo mwaka, na TAMISEMI imekuwa ikiwakumbusha viongozi wa vijiji na mitaa jambo hilo mara kwa mara. Kwa hiyo mnaomba kitu ambacho ni chenu.

Ila nanyi mjiangalie. Nilipokuwa ofisini tulikuwa tunabandika tangazo, gari linapita na kipaza sauti, halafu Jumapili wanakuja wazee, akina mama kadhaa na watoto wanaosubiri kuona kama kuna soda. Vijana wanaolalamika usiku kijiweni huwaoni. Mwenyekiti akishaona hivyo anapumzika. Basi kabla ya barua, hesabuni watu watakaokuja kweli. Tarehe nayo iwe na akili, msipange saa ya ibada, na siku ya Simba na Yanga msijaribu kabisa.

Barua iwe fupi, ukurasa mmoja. Iende kwa mwenyekiti, nakala kwa mtendaji wa mtaa, mtendaji wa kata na diwani. Msiandike "tunataka kukung'oa" wala "umekula hela". Andikeni kwamba wakazi mnaomba mkutano, na ajenda muwape: mapato na matumizi, hesabu ya ulinzi shirikishi, uzoaji wa taka. Wasaini watu wengi, kila mmoja na namba ya nyumba au jina la mwenye nyumba wake. Sahihi tatu zinaitwa kikundi, sahihi sitini zinaitwa mtaa.

Siku ya mkutano hakikisheni mambo mawili. Daftari la mahudhurio lipite kwa kila mtu, na mtendaji aandike muhtasari palepale. Mkutano usio na muhtasari, kiserikali, haukufanyika, hata kama mlipiga kelele hadi magharibi. Mwenyekiti akisoma "matumizi mengineyo", mmoja wenu asimame aulize mengineyo ni yapi. Aulize kwa heshima, kisha akae. Mwingine asimame aulize swali hilohilo.

Kwenye hela ya ulinzi, ombeni kila kaya iwe na kadi ndogo ya kusainiwa kila inapotoa. Ni karatasi ya manila iliyokatwa, haina gharama, na inazuia mabishano ya "nililipa, hukulipa". Mtunza hela asiwe mwenyekiti wala ndugu yake.

Na barua yenu ikigonga mwamba, yaani mtendaji wa mtaa akakataa kuweka mhuri wa kupokelewa kwenye nakala yenu, msigombane naye. Ipelekeni kwa mtendaji wa kata igongwe kule, kisha mrudi mumwonyeshe yule wa mtaa nakala iliyogongwa. Atatafuta wino mwenyewe.